Jibini ya Jumatano imeliwa Jumatatu

Swali: Kila Jumamosi napanga chakula cha jioni cha wiki nzima, kisha nanunua kila kitu kwa hesabu. Tuko watano: mimi, mume wangu na watoto watatu wa miaka 9, 13 na 16. Ikifika Jumatano nafungua friji nakuta jibini niliyoitenga kwa ajili ya tambi za kuoka imebaki ncha ya kidole, mayai yalikuwa 12 yamebaki 3, na kuku niliyemchemsha mapema kwa ajili ya supu ameshadokolewa hadi mifupa. Nimesema, nimefoka, nimebandika karatasi za "USIGUSE". Jibu ni lile lile: "Hatukujua." Sitaki kuwa askari wa jikoni, wala sitaki kuitwa mchoyo ndani ya nyumba yangu. Nifanyeje?

Jibu: Dada, hilo "hatukujua" usilitupe haraka. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Mtu anayefungua friji saa kumi jioni huku tumbo linanguruma haoni tambi za kuoka za Jumatano, anaona jibini. Ratiba iko kichwani mwako au kwenye simu yako, na jibini yenyewe haina mdomo wa kusema imewekwa kwa kazi gani.

Ila kujua peke yake hakutoshi, maana karatasi umeshabandika na wamezipita. Kuna jambo la pili, na ndilo zito zaidi. Tazama vilivyopotea kwako: jibini, mayai, kuku wa kuchemsha. Sasa tazama ambavyo havijawahi kupotea hata siku moja: unga, maharage makavu, vitunguu, mchele, nyama mbichi. Hakuna mtoto anayekamatwa usiku akitafuna kiazi kibichi. Kinacholiwa ni kile ambacho mkono unakifikisha mdomoni kwa hatua chache. Jibini ni hatua moja, fungua ukate. Kuku wa kuchemsha ni hatua moja pia, tena hahitaji hata kisu. Yai ni sufuria, maji na dakika 10, kazi ambayo kijana wa miaka 16 anaifanya huku simu iko mkono wa pili. Kuku mbichi anataka zaidi ya nusu saa na vyombo vya kuosha baadaye, ndiyo maana analala salama.

Basi kazi yako ni kuubadilisha umbali huo: chakula cha njaa kikae karibu na mdomo kuliko mahitaji ya mapishi, na mahitaji ya mapishi yasogezwe hatua mbili tatu nyuma.

Wiki moja ya kuandika, bila kuuliza nani

Kabla hujahamisha chochote, chukua karatasi uandike kwa siku saba: kilichopungua, kiasi gani, kati ya saa ngapi na saa ngapi, na siku hiyo kulikuwa na nini kingine cha kula. Jina la mlaji usiandike. Ukianza kuuliza "nani kala?" watu wanajifunza kuficha: karatasi ya jibini inazikwa chini ya taka, pakiti inarudishwa ikiwa na kipande kimoja ili ionekane haijaisha, na hesabu yako yote inaharibika. Pakiti hiyo ya kipande kimoja ni mbaya kuliko pakiti tupu, kwa sababu ukipita kuangalia akiba jicho linakwambia kipo.

Mara nyingi karatasi itakuonyesha kwamba vinavyopotea si vitu thelathini bali ni vinne au vitano, na vinapotea saa zile zile: watoto wakirudi shule, na usiku baada ya watu wazima kudhani jikoni kumefungwa. Hivyo vinne au vitano ndivyo vya kushughulikia. Vingine viache.

Mlo ambao haumo kwenye ratiba

Ratiba yako ina milo saba ya jioni. Nyumba yako haili milo saba. Mtoto aliyekula saa sita na nusu mchana na anayesubiri chakula cha saa mbili usiku ana saa saba na nusu katikati, na umri wa watoto wako si wa kusubiri hivyo. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka karibu 12, wavulana karibu 14. Kijana wa kiume wa miaka 16 anahitaji takriban kilokalori 2,400 hadi 3,200 kwa siku kutegemea anavyojishughulisha, kiwango kinacholingana na cha mtu mzima wa kiume na wakati mwingine kukizidi. Akila jibini yako hana uroho wowote. Anakula mlo ambao wewe hukuupanga.

Upange. Fanya hesabu ya mayai kama mfano. Chakula cha jioni cha wiki kinataka mayai 4. Asubuhi mbili za mayai kwa watu watano, ni 10. Watoto watatu wakipata yai moja moja la saa kumi kwa siku tatu, ni 9. Jumla 23. Aliyenunua 12 asishangae yakibaki 3 Jumatano, kwa sababu yalikuwa pungufu tangu dukani. Rudia hesabu hiyo kwa maziwa, mkate na matunda. Kwenye nyumba nyingi "wizi" unapungua hapo hapo, kabla ya kuhamisha hata bakuli moja.

Utasema bajeti hairuhusu. Ila pesa hiyo tayari inatoka, tena kwa njia ya hasara: jibini ni kitu ghali cha kuzibia njaa. Gramu 200 za jibini zinaisha kwa watoto wawili wamesimama mbele ya mlango wa friji, na dakika ishirini baadaye wanarudi. Viazi vya kuchemsha, mkate na yai, mtindi na ndizi, au maharage yaliyopondwa ya kupaka kwenye mkate yanashibisha vizuri na kwa gharama ndogo. Kila fungu la saa kumi liwe na kitu cha wanga, kitu cha protini na tunda. Tunda peke yake halimfikishi mtu saa mbili usiku, na biskuti peke yake ndiyo kabisa.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaikosea. Chakula cha njaa lazima kiwe *tayari kuliko* mahitaji ya mapishi. Tikiti zima lisilokatwa likishindana na jibini iliyokwisha kukatwa, jibini inashinda kila siku. Kwa hiyo chemsha mayai 9 kwa mpigo mmoja (yakiwa na maganda yake yanakaa wiki moja kwenye friji), osha na kata matunda, chemsha viazi na uvipoze haraka, kisha viweke vyote kwenye rafu moja ya friji, ndani ya vyombo vinavyoonyesha kilichomo, usawa wa macho ya yule wa miaka 9. Matunda yaliyokatwa na viazi vilivyochemshwa wape siku tatu, nne zikizidi sana. Vilivyopikwa visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili.

Usiijaze rafu hiyo yote siku ya Jumamosi. Itakuwa tupu Jumatatu usiku, na Jumanne mkono unarudi kwenye jibini. Gawa mara mbili, jaza Jumamosi, jaza tena Jumanne jioni. Na uwaulize wenyewe wataje vitu vitatu wanavyotaka viwepo. Rafu iliyojaa karoti ambazo hakuna azipendaye ni rafu tupu, tofauti ni rangi tu.

Badilisha umbo

Hapa ndipo penye nguvu kubwa, na ndipo watu hawapagusi kwa sababu wanafikiri kulinda ni kuficha. Kilichofichwa hutafutwa. Kilichobadilishwa umbo hakitamaniki.

Anza na jibini. Siku ile ile unayonunua, ikwaruze yote kwenye kikwaruzio, pima gramu 200 za jibini hiyo kwa ajili ya tambi zako, changanya na kijiko kimoja cha mezani cha unga wa mahindi laini mweupe au unga wa ngano ili isigandane, itie kwenye mfuko, isambaze iwe bapa, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi −18 za Selsiasi. Inakaa miezi miwili mitatu bila kupoteza kitu cha maana, na unaitumia ikiwa bado imeganda, moja kwa moja juu ya tambi au ndani ya mchuzi wa maziwa. Kwenye mchuzi kumbuka kile kijiko cha unga kimeshaingia, punguza unga wa mchuzi kwa kiasi hicho, la sivyo utakuwa mzito kama uji. Hii inafaa kwa jibini ngumu. Jibini laini yenye maji mengi ikigandishwa inatengana na kuwa chengachenga, na jibini ngumu ikigandishwa ikiwa kipande kizima inakuwa ya kumeguka, haikatiki tena vipande vizuri. Kwa kupikia si hasara.

Kuku ni kosa lako mwenyewe, niwie radhi. Kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa ni kitu kinachodokolewa kuliko vyote ndani ya friji: yuko tayari, ana chumvi, na kipande kimoja kikitoka hakionekani. Kipande kimoja mara watu wanne mara siku mbili, supu imebaki maji. Usimpike mapema. Mwache mbichi, mkate vipande vya mapishi, mtie kitunguu saumu, ndimu na viungo vyake, umfunge. Ila kuku mbichi na nyama ya kusaga hukaa siku moja au mbili tu kwenye friji, kwa hiyo aliyenunuliwa Jumamosi kwa ajili ya Jumatano ni wa friza, upende usipende. Mhamishie kwenye friji Jumanne asubuhi. Kilo mbili na zaidi kidogo zinataka siku nzima kuyeyuka, mafungu madogo bapa yanaweza kuwa tayari kwa usiku mmoja. Akae rafu ya chini kabisa, ndani ya trei yenye kingo, maji yake yasidondokee chochote. Nyama ya kusaga ukiiandaa mapema, tia viungo lakini chumvi iache mpaka siku ya kupika. Ikikaa na chumvi inashikana na kutoa mabonge magumu.

Mayai ya mapishi yatoe kwenye trei ya wazi. Mayai kumi na mawili yaliyopangwa mlangoni yanasema "tumo wengi, chukua moja", manne yaliyo ndani ya chombo kilichofunikwa chenye jina la mlo hayasemi hivyo. (Mlango wa friji ni mahali pabaya pa mayai na maziwa kwa vyovyote, ndipo joto linapopanda na kushuka kila unapofunguliwa.) Kama mayai yanaisha hata hivyo, vunja ya mapishi, yapige kidogo, tia chembe ya chumvi, gandisha. Vijiko vitatu vya mezani ni sawa na yai moja hivi. Yai lisigandishwe ndani ya ganda lake, litapasuka. Yakiyeyuka ndani ya friji, tumia siku hiyo hiyo na yapike yaive kabisa.

Maziwa ya mapishi pima mililita 500 uyatie kwenye chupa yake tofauti. Ukiyagandisha acha nafasi ya vidole viwili juu, kwani yanatanuka, na yakiyeyuka yatikise. Ndizi za keki ziponde na kuzigandisha zikiwa zimepimwa. Njugu, zabibu kavu na chokoleti ya kuokea zitoke kabisa kwenye kabati la vitafunio, ziingie kwenye kopo lisiloonyesha kitu, karibu na unga na hamira. Hakuna anayepekua huko.

Nyanya na pilipili hoho nisizipe nafasi kubwa, haziibwi sana. Ukizikata mbichi zina siku mbili tatu. Ukizipika ziwe rojo na kuzigandisha, umejipunguzia na kazi ya Jumatano.

Chombo kimoja, mlo mmoja

Vitu vya mlo mmoja ambavyo haviwezi kugandishwa viweke pamoja kwenye chombo kimoja chenye kifuniko, kisichoonyesha ndani. Bandika utepe wa karatasi, uandike kwa kalamu ya wino mzito: *JUMATANO. Tambi za kuoka. Maziwa 500 ml, mayai 2, siagi gramu 50.* Chukua sekunde moja ulinganishe na "USIGUSE". "Usiguse" haisemi kwa nini, haisemi mpaka lini, haisemi ale nini badala yake. Ikibandikwa kwenye vitu kumi na tano inakuwa pambo la friji. Orodha yenye siku na idadi inafanya kitu kingine: anayetoa yai moja anaona kwamba limebaki moja na mlo unataka mawili. Amejua. Siku hiyo "hatukujua" imekufa bila wewe kufoka.

Tengeneza vyombo vya siku tatu zijazo tu, si vya wiki nzima. Friji iliyoshindiliwa haizungushi hewa, na baadhi ya vilivyomo vitapanda juu ya nyuzi 4, kiwango ambacho friji haipaswi kukivuka. Nyama mbichi haiingii kwenye vyombo hivi, ina trei yake chini.

Halafu geuza ishara. Badala ya kuandika makatazo kila mahali, andika ruhusa mahali pamoja: *Rafu hii, kula bila kuuliza.* Mtoto wa miaka 9 anakumbuka sehemu moja iliyoruhusiwa, hakumbuki vitu ishirini vilivyokatazwa. Kuna na sababu nyingine. Mwaka 1999 watafiti Jennifer Fisher na Leann Birch wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa watoto wadogo: chakula kilichowekwa wanakiona lakini wamezuiwa kukila ndicho walichozidi kukizungumzia, kukiomba na kukiendea. Kukataza kitu kilicho mbele ya macho ni kukitangaza. Afadhali kisionekane, na kinachoonekana kiwe halali.

Sehemu ya mdokozi pia iingie kwenye hesabu. Jibini ya mapishi ni gramu 200? Nunua 300. Zile 100 zikate vipande na uziweke kwenye rafu ya ruhusa, mahali tofauti kabisa na zile 200. Ukiziacha kipande kimoja ukitegemea watu watakisia mpaka, hawatakisia. Hakuna anayeijua gramu 100 kwa macho, hata mpishi.

Panga siku upya

Ratiba inayotunzika inapika vitu dhaifu kwanza. Vyenye kutamaniwa vipikwe Jumapili na Jumatatu. Maharage makavu, nyama iliyogandishwa na mchele vibebe Alhamisi na Ijumaa, maana vitakuwepo hata dunia ikigeuka. Tambi zako za kuoka zingepikwa Jumapili, tungekuwa tunazungumza mengine. Na siku moja katikati ya wiki iache bila jina, ya viporo. Viporo vilivyokaa friji vina siku tatu hadi nne, na siku isiyo na jina ndiyo inayomeza ajali za siku nyingine.

Maneno yenyewe

Zungumza nao mara moja, dakika kumi, wakiwa wameshiba. Usizungumze dakika ile umekuta friji tupu, maana watakachosikia ni sauti tu. Sema kwa ufupi: "Jibini ya kwenye friza ni ya Jumatano. Ukiwa na njaa, rafu ya katikati ni yenu. Ikiisha, njoo uniambie, usihamie rafu nyingine." Hiyo "njoo uniambie" iwe ya kweli. Mtoto akija kusema rafu imeisha akajibiwa "tayari tena?", hatarudi kusema.

Huyo wa miaka 16 mpe jioni moja kwa wiki iwe yake: achague, aandike mahitaji, apike. Wiki ambayo mdogo wake amekula jibini ya mlo wake ndiyo wiki atakayoelewa kila ulichokuwa unasema, na hutahitaji kuongeza neno. Wa miaka 13 asimamie kujaza rafu ya Jumanne. Wa miaka 9 achore alama za utepe.

Anayekula kilichotengwa huku akijua, jukumu lake ni kuleta mbadala kabla ya jioni: kwenda dukani, au kupika kingine. Hapo pametosha. Kumlaza mtoto bila chakula cha jioni kama adhabu usifanye kamwe. Hakumfundishi kuacha, kunamfundisha kula haraka na kwa siri. Kufuli la friji nalo liache, isipokuwa pale ambapo wanaomtibu mtoto wameelekeza hivyo, kama kwa wenye sindromu ya Prader-Willi, ambao mwili wao haupati taarifa ya kushiba.

Kwa mume, namna ni nyingine. Mtu mzima haambiwi kama mtoto, na kwa akili yake anakula nyumbani kwake, haibi. Angalia karatasi yako: kama vinavyopotea baada ya saa nne usiku ni vya protini, kuna uwezekano mkubwa chakula chake cha jioni kinamwacha na njaa au kinaliwa mapema mno. Pakua sahani yake ya usiku ukiwa unapakua za wengine, ifunike, iweke mbele kabisa ya friji. Mwambie tu, "Yako iko mbele." Akiwa ndiye anayenunua au kupika baadhi ya siku, aandike utepe wake mwenyewe. Atauheshimu kuliko wako.

Kuna ulaji ambao mbinu za jikoni haziugusi. Anayekula kingi sana kwa haraka, kwa siri, kisha akaona aibu na kuficha vifungashio chini ya kitanda. Anayeamka kila usiku na hawezi kulala tena bila kula. Anayekula sana na kunywa maji sana, anakojoa mara kwa mara, na bado anakonda: huyo apelekwe kupimwa sukari bila kungoja wiki ipite. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, huongeza njaa kweli. Mama anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya takriban kilokalori 450 hadi 500 kwa siku. Na nyumba yenye mtu anayetumia insulini lazima iwe na gramu 15 za sukari ya haraka, ya kutumia sukari yake ya damu ikishuka, kwa mfano nusu glasi ya juisi, mahali ambapo yeye anafika mara moja na wengine hawaigusi kabisa. Hicho ndicho kitu pekee kinachostahili "USIGUSE".

Jumatano hii, yenye mayai 3 na jibini hakuna

Tambi bado zinapikika. Siagi gramu 50, unga gramu 50, maziwa mililita 600, upate mchuzi mzito. Uondoe motoni, upoe dakika tano, kisha piga yai moja ndani yake. Yai likiingia mchuzi ukichemka utapata mayai ya kukorogwa. Juu nyunyiza makombo ya mkate yaliyokaangwa kwa mafuta na kitunguu saumu, yashike ile kazi ya kukauka na kubadilika rangi ambayo jibini ingeifanya. Kinachowaangusha wengi ni chumvi. Gramu 200 za jibini ngumu zingeleta zenyewe chumvi ya kama nusu kijiko cha chai au zaidi, nayo imeondoka pamoja nayo. Wanapika kwa kipimo cha siku zote, chakula kinakuwa chapwa mdomoni, na lawama inaenda kwa aliyekula jibini. Onja, ongeza.

Kwa siku za mbele, weka kabatini mlo mmoja wa akiba ambao hauna kitu cha kudokoa: tambi kavu gramu 500, nyanya za kopo gramu 400, makopo mawili ya maharage, vitunguu viwili, mafuta. Unalisha watu watano kwa nusu saa. Ukiutumia, siku hiyo hiyo uandike urudishwe.

Kuandika huko kuwe sheria ya nyumba nzima: aliyemaliza kitu ndiye anayekiandika. Karatasi ibandikwe kwenye mlango wa friji, si ndani ya kabati, kwa usawa wa mkono wa mtoto wa miaka 9, na kalamu ifungwe kwa uzi. Isipofungwa, itakuwa ya kwanza kupotea.